Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Kuhariri Video kwa Mfuko Mdogo

Maswali mengi ya safari hii yanazunguka jambo moja: pesa kidogo, video ya 4K, ninunue nini? Tumechagua manane, kuanzia la mtu anayepanga kununua hadi la mtu ambaye mashine inamzimikia katikati ya kazi.

Shikamooni. Nataka kuunga kompyuta ya mezani ya kuhariri video za 4K ninazopiga kwa simu na kamera ndogo. Kila ninayemuuliza ananiambia nusu ya pesa iende kwenye kadi ya grafiki. Ni kweli? *Mwanafunzi wa utangazaji*

Marahaba. Ushauri huo unamfaa mcheza gemu. Kwako pesa ya kwanza iende kule ambako faili lako linaipeleka, na usishangae likikupeleka kwenye prosesa.

Video ya simu au kamera ndogo kwa kawaida hubanwa kwa kodeki (mbinu ya kubana video) ya H.264 au H.265. Ndani ya faili la namna hiyo fremu kamili ni chache. Zilizobaki zinaandika tu kilichobadilika kutoka fremu za jirani. Ukiburuta mshale wa taimulaini kurudi fremu ya 200, kompyuta hairuki moja kwa moja hadi pale. Inatafuta fremu kamili iliyotangulia, tuseme ya 180, kisha inakokotoa moja baada ya nyingine hadi ifike 200, nawe umeshika kipanya unasubiri. Kazi hiyo ya kukunjua ndiyo inayowakwamisha watu wengi kuliko hata kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Prosesa nyingi na kadi nyingi zina kipande maalumu cha chipu kilichotengenezwa kukunjua kodeki fulani. Kikiijua kodeki yako, mambo yanakwenda laini. Kisipoijua, mzigo wote unahamia kwenye kore za prosesa, yaani vitengo vyake vya kukokotolea.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata skrubu, weka programu ya bure iitwayo MediaInfo kwenye kompyuta yoyote unayoweza kuazima. Fungua faili moja la simu na moja la kamera, usome vitu vitatu. Kwanza kodeki: AVC ndiyo H.264, HEVC ndiyo H.265. Pili, mstari wa «Bit depth», yaani biti 8 au 10. Tatu, «Chroma subsampling», yaani jinsi rangi ilivyohifadhiwa: 4:2:0 au 4:2:2.

Ukiona 4:2:0, na simu karibu zote hutoa hiyo isipokuwa zile zinazorekodi ProRes, huna shida kubwa. Grafiki za ndani za Intel kuanzia kizazi cha 7 zinakunjua H.265 ya biti 10 ya namna hiyo. Ukiona H.265, biti 10, 4:2:2, uwanja unakuwa mwembamba: unahitaji grafiki za ndani za Intel kizazi cha 11 au zaidi, kadi ya Intel Arc, au kadi ya Nvidia ya RTX 50. Ukiona H.264, biti 10, 4:2:2, ambayo baadhi ya kamera hurekodi, hata chipu ya Intel ya kizazi cha 12 haiikunjui; hapo, kama huna RTX 50, utategemea wingi wa kore au proksi tutakazozieleza kwenye swali linalofuata.

Sasa vifaa. Kwa anayeanza kutoka sifuri, tunapenda Core i5-12400: kore 6, nyuzi 12, na ndani yake kuna grafiki za UHD 730. Soma jina la boksi hadi herufi ya mwisho. i5-12400F ni prosesa ileile iliyozimwa grafiki za ndani, na kwa mhariri wa video herufi hiyo moja ni hasara, maana pamoja na grafiki umepoteza chipu ya kukunjua. Ukipata i5-12500 kwa nyongeza ndogo, ichukue: ina UHD 770, yenye injini mbili za kukunjua badala ya moja, na unaziona faida zake ukipanga kamera mbili au tatu juu ya taimulaini moja.

Madabodi (ubao mkuu) iwe ya B660 au B760 yenye matundu manne ya RAM, matundu mawili ya M.2 (ya kuchomeka SSD nyembamba), na vipande vya chuma vya kupoza sakiti za umeme kandokando ya prosesa. H610 itafanya kazi, lakini ina matundu mawili tu ya RAM, kwa hiyo siku ukitaka kuongeza utalazimika kuvitoa vijiti vya zamani. Angalia pia kama imeandikwa DDR4 au DDR5. Soketi ya prosesa ni ileile, LGA1700, lakini vijiti haviingiliani.

Kadi ya grafiki? Ukitumia Premiere Pro au Kdenlive, kukata, kuunganisha na kuweka maandishi, anza bila kadi. Fanya kazi miezi miwili, ujue unakwama wapi, ndipo ununue. Ukitumia DaVinci Resolve, kadi unaihitaji tangu siku ya kwanza, maana programu hiyo hupeleka karibu kila kitu cha rangi na athari kwenye kadi. Na kwa kuwa Resolve ina toleo la bure, lijaribu na faili lako mapema: kwenye Linux toleo hilo halifungui H.264 wala H.265, na kwenye Windows lina mipaka kwa mafaili ya biti 10. Ni afadhali uligundue hilo kwenye kompyuta ya kuazima.

Pesa ikipungua, punguza kwenye kasha lenye taa, upozaji wa maji na SSD za kasi ya kutisha. Usipunguze kwenye pawa saplai wala RAM.

Nina Ryzen 5 5600, RAM GB 32 na RTX 3060. Mafaili ya kamera yangu mpya (H.265, biti 10, 4:2:2) yanakatakata hata kabla sijaweka athari. Rafiki yangu ana i5-12400 bila kadi yoyote, na kwake yanatiririka. Nimeuziwa kitu kibovu? *Mpiga video za harusi*

Hapana, vifaa vyako ni vizima, na kwa kurenda athari nzito utamshinda rafiki yako. Amekuzidi kitu kimoja tu: chipu yake inaijua kodeki ya kamera yako, yako haiijui. RTX 3060 hukunjua H.265 ya 4:2:0 vizuri sana, hata ya 4:4:4 inaweza, lakini 4:2:2 iliyo katikati imerukwa. Nvidia wameiweka kuanzia RTX 50. Na Ryzen 5 5600 haina grafiki za ndani kabisa.

Utaliona kwa macho yako. Cheza video kwenye taimulaini, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda ukurasa wa «Performance», kisha ubofye kadi yako upande wa kushoto. Kati ya grafu ndogo zinazotokea tafuta «Video Decode». Kama imelala chini kabisa wakati prosesa inagonga 90 au 100%, basi kadi imekaa bure na kore sita zinakunjua kila fremu kwa mkono. Kisha cheza video ya simu: grafu ileile itapanda na prosesa itatulia.

Dawa ya bure ni proksi, yaani nakala nyepesi unazohariri nazo huku mafaili halisi yakisubiri kurendwa. Ndani ya Premiere bofya kulia kwenye klipu, chagua «Proxy», halafu «Create Proxies». Ndani ya Resolve ni «Generate Proxy Media». Chagua ProRes Proxy au DNxHR LB katika ukubwa wa 1080p. Usitengeneze proksi za H.264 eti ni ndogo, maana utakuwa umerudi kwenye kukunjua kulekule ulikokimbia. Kodeki hizi mbili huhifadhi kila fremu kamili peke yake, ndiyo maana mshale unakwenda mbele na nyuma bila kusita. Gharama yake ni nafasi: ProRes Proxy ya 1080p kwa fremu 25 inakula takriban megabiti 38 kwa sekunde, sawa na GB 17 kwa saa moja ya video. Kutengeneza proksi kunachukua muda, kwa hiyo iachie mashine usiku. Kabla ya kutoa kazi ya mwisho, hakikisha kisanduku cha kutumia proksi kwenye ukurasa wa kurenda hakina tiki, la sivyo mteja atapokea video yenye ukungu.

Dawa ya kulipia ni kadi ndogo ya Intel Arc A380 kwenye tundu la pili la madabodi, kama lipo na kama kasha lina nafasi. Ina chipu ya kukunjua 4:2:2, na Premiere inakuruhusu kuichagua Intel kwa kukunjua huku Nvidia ikishughulikia athari. Sisi tungejaribu proksi mwezi mzima kabla ya kugusa pochi.

Kwa wenye Intel na kadi pamoja: madabodi nyingi huzima grafiki za ndani zenyewe pindi kadi inapochomekwa, na chipu uliyoilipia inalala. Ingia BIOS (mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka), tafuta «iGPU Multi-Monitor» au «Internal Graphics», uwashe, kisha uweke draiva ya grafiki za Intel. Kebo ya skrini iache kwenye kadi. Halafu ndani ya Premiere, kwenye mipangilio ya «Media», weka tiki kwa Intel na Nvidia zote mbili, uiwashe programu upya.

Kadi gani za bei ya chini nizikimbie? *Mhariri anayeanza*

GT 1030 kwanza. Ni ya Nvidia lakini haina chipu ya kubana video, kwa hiyo kurenda kote kutabaki kwa prosesa. RX 6400 na RX 6500 XT zinadanganya zaidi kwa sababu ni mpya kuliko GT 1030 na zinacheza gemu: nazo hazina chipu ya kubana H.264 wala H.265, na zinatumia njia nne tu za PCIe (mawasiliano ya kadi na madabodi), hivyo kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 zinapungua nguvu tena.

Halafu kuna majina pacha. RTX 3060 ipo ya GB 12 na ya GB 8, na ile ndogo imepunguzwa pia upana wa njia ya kumbukumbu kutoka biti 192 hadi 128. RTX 3050 ipo ya GB 8 na ya GB 6, na ya GB 6 ina kore chache zaidi. Sifa yake ni kwamba inatumia takriban wati 70, haihitaji waya wa ziada. GTX 1650 ya kawaida ina chipu ya kubana ya kizazi cha nyuma, ilhali GTX 1650 Super ina mpya. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui tofauti hizo, kwa hiyo soma lebo iliyo nyuma ya kadi.

Kwa 1080p, GB 4 za kumbukumbu ya kadi zinatosha. Kwa 4K ndani ya Resolve anza na 8, maana zikijaa programu haipunguzi mwendo. Inakuonyesha ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa, na kurenda kunasimama. Kwa mtumba, GTX 1660 Super na RTX 3060 ya GB 12 ndizo tunazozipendekeza mara nyingi.

Na kuna kadi bandia: chipu kuukuu iliyobadilishwa programu ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Dalili kubwa ni tundu la buluu la VGA. Chipu za GTX 10 hazitoi mawimbi ya VGA, kwa hiyo ukiliona tundu hilo kwenye kadi inayojiita 1050 Ti, shuku. Fungua GPU-Z kabla ya kulipa. Kadi ya kughushi inaandikiwa «FAKE» mbele ya jina lake.

Kuna kompyuta za ofisi zilizotumika, za Dell na HP, zinauzwa kwa bei ya kutupa. Zinafaa? *Mmiliki wa chaneli ya mapishi*

Zinafaa, ukichagua kwa kizazi na kwa umbo. Usishuke chini ya Intel kizazi cha 8, kwa sababu mbili: kabla ya hapo Windows 11 haiikubali prosesa rasmi, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Tena i5-8500 ina kore 6 na inakunjua H.265 ya biti 10 ya 4:2:0, yaani video za simu zote za kawaida. i7-4790 inayosifiwa sana mitaani haina chipu maalumu ya kukunjua H.265.

Umbo ndilo linalowaponza watu. Kasha jembamba la kulaza linaingiza kadi fupi tu, na pawa saplai yake ina plagi za kiwandani zisizolingana na za kawaida, mara nyingi wati 180 hadi 260. Huwezi kuibadilisha kwa ya dukani. Utabaki na kadi zisizohitaji waya wa ziada, zinazokula wati 75 au chini, zenye bamba fupi. Ukipata umbo la mnara kwa bei ileile, chukua mnara.

Kaa mbali na vifurushi vya Xeon E5 vyenye kore 14 vinavyokuja na madabodi isiyo na jina. Kore ni nyingi lakini moja moja ni ya polepole, grafiki za ndani hakuna, na kuburuta mshale kwenye taimulaini kunahitaji kore yenye mwendo.

Kijiti kimoja cha GB 16 au viwili vya GB 8? *Fundi wa sauti*

Viwili. Prosesa ina njia mbili za kumbukumbu. Kijiti kimoja kinatumia moja. Kwa DDR4-3200 ni tofauti ya GB 25.6 na GB 51.2 kwa sekunde, na anayetegemea grafiki za ndani anaumia zaidi kwa kuwa zinachota kumbukumbu humohumo. Lakini kama mpango ni kufika GB 32 karibuni na madabodi ina matundu mawili, nunua kimoja cha 16 sasa na pacha wake baadaye, namba ya toleo ileile.

Kwenye madabodi ya matundu manne, vijiti viwili huwekwa tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kufikia kasi iliyoandikwa juu yake. Usipoiwasha, kijiti cha 3200 kinaweza kukimbia kwa 2133 au 2666 miaka yote bila wewe kujua.

Nina bajeti ya diski moja nzuri. Ninunue NVMe ya kasi zaidi? *Mtengeneza video za masomo*

Piga hesabu kwanza. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inasoma MB 12.5 kwa sekunde. Saa moja ni GB 45. Kamera tatu kwa pamoja ni MB 37.5. SSD ya SATA inatoa hadi MB 550, na NVMe (SSD ya tundu la M.2) ya PCIe 3.0 inafika karibu MB 3500. Kwa mafaili yaliyobanwa, diski yako haijawahi kuwa tatizo, na ile ya MB 7000 haitakuongezea hata fremu moja. Mwenye kuhariri ProRes 422 ya 4K, inayokula kama GB 220 kwa saa, ndiye anayeanza kuiona tofauti, na hata yeye NVMe ya kawaida inamtosha.

Nunua ukubwa: NVMe ya TB 1 ya aina ya TLC kwa mfumo, programu, kache (mafaili ya muda ya programu) na kazi iliyo mezani. GB 500 hujazwa na kache ya Premiere na Resolve kabla hujajua. Epuka QLC kwa diski ya kazi. Sehemu yake ya mbele ina kasi, na muuzaji anakuonyesha hiyo. Ukinakili GB 200 za mafaili mfululizo, sehemu hiyo inajaa na mwendo unaweza kuanguka chini ya ule wa hadidiski. Acha kama 15% ya diski iwe tupu.

Hadidiski ya kuzunguka bado ina kazi yake, nayo ni ghala. Inaweza kucheza klipu moja ya 4K bila shida, lakini ukiweka kamera tatu, kichwa chake kinarukaruka kutoka faili hadi faili na picha inaganda. Ukinunua ya ghala, tafuta iliyoandikwa CMR, maana za SMR huwa nzito sana zikiandikiwa mafaili mengi kwa mkupuo. Na kazi ya mteja ikae kwenye diski mbili tofauti, si folda mbili za diski moja.

Kagua pia kitabu cha madabodi: baadhi ya matundu ya M.2 yakitumika, tundu moja au mawili ya SATA yanazimika. Watu hudhani hadidiski imekufa.

Kompyuta yangu inazimika ghafla nikianza kurenda. Nikiiwasha inafanya kazi kama kawaida. Pawa saplai yangu imeandikwa wati 500. *Mhariri wa filamu fupi*

Swali la kwanza ni inazimika lini. Ikizima katika sekunde za mwanzo, wakati kadi na prosesa zinapoanza kuvuta umeme pamoja, shuku pawa saplai. Ikienda dakika kumi, feni zikapiga kelele, ndipo ikazima, shuku joto. Ujumbe wa «Kernel-Power 41» utakaoukuta kwenye rekodi za matukio za Windows unasema tu kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa vizuri kwanza. Hausemi kwa nini, kwa hiyo usinunue chochote kwa ajili yake.

Kwa pawa saplai, jumlisha. i5-12400 inaweza kuvuta wati 117, RTX 3060 wati 170, madabodi, diski na feni kama 50. Jumla ni 337, na kadi huwa na miruko ya muda mfupi inayopita kiwango chake, ndiyo maana tunashauri wati 550 za kweli. Neno «za kweli» ni la muhimu. Soma lebo ubavuni, mstari wa volti 12, kwa kuwa prosesa na kadi zinakula hapo. Pawa saplai nzuri ya wati 500 inatoa karibu zote kwenye volti 12. Ya ujanja inatoa 300 hapo na kujazia hesabu kwa volti 5 na 3.3 ambazo kompyuta ya leo haizihitaji sana. Nembo ya 80 Plus inaeleza umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haikuhakikishii ulinzi wala uimara. Ukibadilisha pawa saplai ya nyaya za kuchomoa, badilisha na nyaya zote. Plagi zinaweza kuingia sawasawa lakini mpangilio wa ndani ukawa tofauti, na utaunguza diski kwa sekunde moja.

Kwa joto, weka HWiNFO, anza kurenda, tazama joto la prosesa. Prosesa za Intel za kizazi hiki hupunguza mwendo zenyewe zikifika nyuzi 100 za Selsiasi. Ikifika huko ndani ya dakika moja, fungua kasha. Kipozaji kinachokuja na Intel hushikwa na pini nne za plastiki, na kosa la kila siku ni pini moja kutobonyea hadi mwisho: ukikishika kipozaji kwa vidole kinacheza upande mmoja. Zibonyeze kwa mshazari, moja na ya upande wa pili wake, hadi usikie mlio, kisha chungulia nyuma ya madabodi uone zote nne zimetokeza. Ukikitoa kipozaji, futa pesti ya joto ya zamani na uweke tone jipya la ukubwa wa punje ya njegere. Tumekutana pia na karatasi ya plastiki ya kiwandani ikiwa bado imebandikwa chini ya vipozaji vya kununua. Hiyo nayo iangalie.

Video ya simu inaanza sauti ikiwa sawa na midomo, lakini dakika ya kumi sauti imeachana kabisa na picha. Niongeze RAM? *Mhojaji wa mtandaoni*

Usiongeze chochote. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayobadilika: mwanga ukipungua au simu ikipata joto, fremu 30 zinakuwa 27, kisha zinapanda tena. Programu ya kuhariri ikidhani ni 30 tupu, picha na sauti zinaachana kidogokidogo. MediaInfo itakuonyesha neno «Variable» kwenye mstari wa «Frame rate mode». Pitisha faili kwenye HandBrake kabla ya kuhariri: ukurasa wa «Video», andika fremu 30, chagua «Constant Framerate», ubora weka RF 16 hadi 18. Faili linaweza kukua kuliko la awali, ni kawaida. Safari ijayo rekodi kwa programu ya kamera inayokuruhusu kufunga idadi ya fremu, na hatua hii utairuka.